Msaragambo Usio na Faini

Nyie mnaosema vya bure vina raha, njooni hapa Bugwema muone mtu anavyofilisika na cha bure. Nalipia bando. Nalipia umeme. Nalipia soda za kumbembeleza mpwa wangu apokee simu. Usiku silali, mchana nasinzia juu ya mashine ya kopi, wateja wanajihudumia na kujirudishia chenji. Ukiniuliza nafanya kazi gani, najibu nashiriki kwenye mradi wa programu huria. Ukiniuliza wananilipa shilingi ngapi, naomba tubadilishe mada.

Mimi nina kisteshenari hapa senta. Natoa kopi, naprinti, nataipu barua za kuomba kazi za watu wanaonizidi elimu. Laptopu yangu ni ya mtumba, nilinunua Bunda, kitufe cha herufi H kimetoka nabonyeza kwa njiti ya kiberiti. Ilikuja na mfumo wa kuchakachua, fundi alisema ni orijino kabisa, nami nikaona mtu mwenye kalamu nne mfukoni hawezi kudanganya. Basi bwana, wanafunzi wakaanza kuleta flashi zao. Kila flashi ina wadudu wake. Folda zikageuka shotikati. Unafungua shotikati, inakufungulia shotikati nyingine. Muhtasari wa kamati ya maji ukapotea humo humo mpaka leo, na kuna watu kwenye kamati walifurahi sana.

Ndipo mpwa wangu akaja likizo. Anasoma kompyuta, kavaa miwani, anaongea polepole kama anamweleza mgonjwa. Akasema, "Mjomba, tuondoe huu uchafu, nikuwekee Linux, mfumo wa programu huria. Unatumia bure, unanakili, unamgawia jirani, unafungua ndani uone ilivyoundwa, na ukitaka unabadilisha."

Nikamuuliza, nani kafa? Maana mali ya kugawana namna hiyo huku kwetu inatokea baada ya arobaini.

Akacheka. Akasema, "Huu ni ujamaa, mjomba." Ujamaa! Mtoto wa juzi ananifundisha ujamaa mimi, ninayekaa jirani na Butiama!

Halafu akaanza hadithi. Eti mwaka 1991 kijana wa Kifini, Linus Torvalds, umri miaka 21, mwanafunzi wa Helsinki, aliwaandikia wenzake kwamba anatengeneza kamfumo, hobi tu, hakatakuwa kitu kikubwa. Watu wakakadandia. Huyu karekebisha hapa, yule kaongeza pale. Leo ka-Linux hako kapo ndani ya kila simu ya Android mnayochezea hapo, na zile kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia hako hako. Hobi yangu mimi ni bao. Haijawahi kutoka chini ya mwembe.

Tena kuna Mark Shuttleworth, wa Afrika Kusini. Huyu aliuza kampuni yake mwaka 1999 akapata mamilioni ya dola ambayo hata kuyataipu naogopa. Mwaka 2002 akalipa nauli akaenda angani na roketi ya Warusi. Akarudi. Mwaka 2004 akatoa mfumo wa Linux unaoitwa Ubuntu, na miaka ile ukimwomba sidii alikuwa anakutumia kwa posta bila kukudai hata stempu. Lakini kilichonigusa ni kingine. Huko kwao kila hitilafu inaitwa bagi, inaandikwa kwenye daftari la wazi na kupewa namba. Bagi namba moja ya Ubuntu aliiandika Shuttleworth mwenyewe, Agosti 2004. Malalamiko yake yalikuwa nini? Kwamba Microsoft ndiyo imeshika sehemu kubwa ya soko. Basi! Tajiri aliyeiona dunia kwa juu anaketi kulalamika kwamba duka la jirani lina wateja wengi. Nikasema hawa ndio watu wangu. Ile bagi ilikuja kufungwa mwaka 2013. Yangu mimi ilifungwa kabla chai haijapoa, lakini msinikimbize.

Mpwa akaniwekea mfumo mmoja wa ukoo huo huo. Jina silitaji, sitaki kesi na watu wanaojua anwani ya kompyuta yangu. Ikafika mahali ikauliza lugha. Dogo alikuwa kaenda kununua vocha. Nikashuka kwenye orodha, nikaona Kiingereza cha Marekani. Kiingereza cha Marekani, hapa Bugwema, kwenye laptopu yangu! Nikabonyeza haraka kabla hakijabadili mawazo.

Wiki ya kwanza ilikuwa fedheha tupu. Kuna kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Kinataka neno la siri. Unaandika, hakuna kinachoonekana. Hata nyota. Unaandika tena, kweupe, au tuseme kweusi. Nikaona kibodi imekufa. Nikaanza kuisukuma kwa nguvu huku nikitamka kila herufi, ili mimi na kompyuta tuelewane. Nyuma yangu foleni ya wanafunzi wa sekondari. Siku hizi salamu yao kwangu ni neno langu la siri. Nimelibadilisha, lakini salamu imebaki.

Halafu ikaja printa.

Mtendaji kaleta barua, orijino, ina muhuri na saini, anataka kopi na muhtasari uprintiwe haraka, gari la Musoma linamsubiri. Nikataipu. Nikabonyeza. Printa ikakohoa, ikawasha taa ya rangi ya chungwa, ikatulia. Kale kakioo kake kakaandika: LOAD LETTER. Sasa jamani, mimi darasa la saba nililishika vizuri. Load ni pakia. Letter ni barua. Nikamwambia mtendaji, mheshimiwa, mashine inaomba barua. Akanipa. Nikapakia. Printa ikaimeza, ikageuza, ikaprinti muhtasari wa kikao juu ya saini ya bosi wake.

Sitasema mtendaji alisema nini. Lakini nataka mjue nilitii maandishi.

Mpwa nikampigia, akasema kwa simu, "Hiyo itakuwa bagi, mjomba, iripoti. Ndivyo watu wanavyoanza kushiriki." Nikajisajili. Nikaandika kwa Kiingereza, kwa heshima zote. Nikaanza na salamu. Nikawaeleza sisi huku wazima, mvua za mwanzo zimesuasua, wakulima wa bondeni wanasubiri skimu ya umwagiliaji. Nikaeleza habari ya mtendaji. Nikaeleza na tabia yake ya nyuma. Nikamalizia kwamba naomba waangalie suala langu kwa jicho la huruma.

Jibu likaja usiku huo huo. Halina salamu. Linauliza: ulifanya nini, hatua kwa hatua? Ulitarajia nini kitokee? Nini kilitokea? Toleo lako ni namba ngapi? Ambatisha logi.

Sijawahi kulalamika namna hii maishani. Sisi huku tunalalamika kwa ujumla. Maisha magumu, dagaa hamna, vijana wa siku hizi. Hakuna anayekuuliza hatua. Nikajibu: hatua ya kwanza, nilibonyeza. Hatua ya pili, nilitukanwa. Nilitarajia hela. Logi nikaitafuta, mpwa akanielekeza, ni mistari mingi kuliko daftari la madeni yangu, na kila mstari una saa, dakika na sekunde niliyokosea.

Jamaa akasoma yote. Mtu wa Ujerumani, hanijui, simjui, halipwi na mtu, kakaa usiku anasoma logi ya kisteshenari cha Bugwema. Akajibu. Sio bagi. Ulichagua Marekani. Wamarekani wanatumia karatasi inayoitwa Letter, upana milimita 216, urefu 279. Karatasi yako ni A4, 210 kwa 297. Kompyuta inadhani uko Marekani, inaagiza karatasi ya Marekani. Chagua Kiswahili, Tanzania, A4 itakuja yenyewe. Akafunga. Akaweka alama kwamba ripoti yangu ni batili.

Batili! Na lile daftari ni la wazi, dunia nzima inasoma. Mjukuu wangu akiwa profesa atafungua aone babu yake, mtendaji, mvua na skimu ya umwagiliaji, juu yake wameandika batili.

Basi nikachagua Kiswahili. A4 ikaja. Printa ikatema karatasi kwa adabu. Lakini menyu sasa! Nusu Kiswahili, nusu Kiingereza. Unaanza sentensi unaelewa, unaimaliza umepotea. Mahali pengine Kiswahili chenyewe kizito, mtu kakitoa kwenye kamusi bila kukipangusa vumbi. Nikarudi kwa Mjerumani wangu. Safari hii nikapanga hatua, nikaweka toleo, nikajisikia daktari. Akajibu mstari mmoja: tafsiri zinafanywa na wanaojitolea, karibu uchangie.

Hapo ndipo nilipoujua huu mchezo. Huu ni msaragambo, wala sio kingine. Si unajua mkutano wa kijiji? Unasimama, unasema kwa uchungu, darasa la watoto halina lenta. Unategemea makofi. Mwenyekiti anasema tunamshukuru ndugu yetu kwa kuliona hilo, basi kesho yeye aanze na kusomba mawe, na mkewe ndoo za maji. Unakaa chini na kazi uliyojipa kwa mdomo wako. Ndio hao hao. Tofauti yao ni kwamba mawe wanayaita faili.

Kwa hiyo nikawa mfasiri. Msicheke. Mwalimu Nyerere alitoka hapo Butiama, akaitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, akaja na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, huku nchi anaiendesha. Mimi sina nchi, nina mashine moja ya kopi. Nitashindwa menyu?

Tena mpwa akaniambia sio mimi wa kwanza. Kulikuwa na mradi unaitwa Kilinux, watu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden. Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi, kuandikia barua na hesabu, iliyosema Kiswahili. Hao walikaa kwanza wakakubaliana kila kitu kiitweje, ndipo wakaanza kazi. Mimi sikukaa na mtu. Nilikaa na mbu.

Nawaambieni, ile kazi inaonekana laini. Wanakupa kipande kwa Kiingereza, unajaza Kiswahili chini yake. Lakini humo ndani wamefukia mitego. Unakuta asilimia, halafu herufi s. Asilimia, halafu herufi d. Kila mahali asilimia. Nikasema ahaa, kumbe hawa watu nao wanakata kamisheni, wanasema bure huku pembeni wanakula. Nikazifuta zote, kimyakimya, kwa niaba ya wanyonge. Ikaja barua kwamba hizo alama ndimo kompyuta inamochomeka jina la faili na idadi yake, ukizitoa programu inaweza kuanguka. Naombeni mnielewe. Mtu anapambana na rushwa anaambiwa anaangusha programu.

Kipande kingine kinaitwa translator-credits. Sifa za mfasiri. Nikaona hawa watu angalau wana utu, wanataka kunijua. Nikajaza: mpole, mvumilivu, ana kisteshenari, hanywi siku za kazi. Kumbe wanataka jina tu, litokee pale kwenye kidirisha cha kuhusu programu. Mpaka sasa kuna pendekezo limekaa huko, linasubiri mtu wa kulipitisha, linaiambia dunia kwamba sinywi siku za kazi. Mke wangu nimemwonyesha. Ndiye wa kwanza kusema hiyo ni bagi.

Maana ukishajaza, kazi haiingii moja kwa moja. Inakuwa pendekezo. Mtu mwenye cheo lazima alipitie. Na mwenye cheo naye anajitolea, ana kazi yake, ana watoto wake, pengine naye printa imemeza barua ya mtu. Unasubiri. Naamka alfajiri, kabla ya kunawa, naangalia. Linasubiri. Najifanya sijali, naangalia tena.

Wakatangaza kikao. Cha maandishi, kila mtu kwake. Saa 18:00 UTC. Nikaiangalia hiyo saa. Kumi na nane toa kumi na mbili ni sita, sita ya jioni ya Kizungu ni saa kumi na mbili yetu. Hesabu safi. Saa kumi na mbili jioni nimefunga duka, nimevaa shati la harusi, sijui kwa nini, hawanioni. Nikasalimia. Kimya. Nikasalimia tena, nikauliza familia zao. Kimya. Bando linateketea. Mbu wamepata taarifa ya kikao kabla ya wajumbe. Kumbe ile UTC ni saa yao ya kati, sisi Afrika Mashariki tunaongeza tatu. Kikao ni saa tatu usiku. Ilipofika saa tatu kasoro watu wakaanza kuingia mmoja mmoja, huyu anatoka Brazil, yule India. Mwenyekiti akaandika karibuni. Umeme ukakatika. Betri ya laptopu yangu ilikuja imeshakufa, kwa hiyo nikawaaga nikiwa gizani, kwa mdomo.

Hayo yote ningevumilia. Lakini nyumbani sasa. Mpwa wangu anapenda mfumo mwingine, unaitwa Linux Mint, na wale matoleo yao wanayapa majina ya wanawake, mengi yanaishia na a. Sasa dogo ananitumia meseji. Nami simu naiacha mezani, mimi ni mtu safi. Meseji ya kwanza: "Mjomba achana na huyo, mchukue Vanessa, mwepesi, hana makuu." Ya pili: "Vera naye katoka, mzuri zaidi." Ya tatu: "Victoria nitakuletea kwenye flashi." Jamani! Nilieleza. Nikaeleza mwaka 2022, nikaeleza toleo la 21, nikaeleza Vanessa ni wa 21 yenyewe, Vera ni wa 21.1, Victoria ni wa 21.2. Mama Watoto akaniuliza, "Kwa hiyo una namba zao." Na simulaumu. Nimejisikia mwenyewe nikiongea, hata mimi nisingejiamini.

Nikaamua kuacha. Nikasusa. Nikasema hawa watu wataona. Sikuingia, sikujaza, sikujibu. Nikakaa nasubiri kutafutwa. Msaragambo wa kijiji, usipokwenda, kesho yake mgambo huyu hapa mlangoni. Faini. Ukikosa hela anaondoka na jogoo. Unakasirika, lakini angalau unajua ulihesabiwa, mtu alisimama na daftari akasoma jina lako, akaona hupo. Hawa hakuna. Hakuna aliyeuliza. Mradi ukasonga vilevile, toleo jipya likatoka kwa tarehe yake, watu wa Brazil wakapongezana. Sijawahi kudharauliwa kwa utulivu namna ile. Jogoo wangu yupo, anawika, kila akiwika namwona ni ushahidi.

Nikarudi. Usiku. Kama mtu aliyesahau mwavuli.

Nikakuta barua. Pendekezo langu moja limepitishwa. Sio lile la sifa. Kipande kidogo tu, kile cha kwenye mambo ya kuprinti, kinachomwuliza mtu anataka kopi ngapi. Toleo lililofuata nikasasisha, bando lote la mwezi likaenda, nikafungua, nikakiona. Kiswahili changu. Mtu akikaa Oman akachagua Kiswahili, akitaka kuprinti, mimi ndiye ninayemwuliza ngapi. Nikamwita jirani muuza dagaa aje aone. Akaangalia, akauliza kama naweza kumkopesha elfu mbili, maana sasa nina kazi ya nje.

Juzi kaja kijana wa kidato cha nne, anaprinti maombi. Nikamwachia kiti ajibonyezee mwenyewe, makusudi, nione uso wake akifika pale pangu. Akafika. Akakodoa. Akageuka.

"Mzee, hii kompyuta imeharibika, imeandika Kiswahili. Rudisha Kiingereza."

Nikavuta stuli. Nikamwambia akae, anieleze vizuri: alifanya nini, hatua kwa hatua, alitarajia nini kitokee, na nini kilitokea. Akasema anawahi gari. Nikamwambia basi ripoti yake ni batili.